Ongeza Kidogo Hapo: Niliyowaambia Makandarasi wa Tanga

Wengi hamkufika Jumamosi kwenye mkutano wetu wa makandarasi, nilipozungumzia kazi za nyongeza. Mmoja alikuwa na zege, mwingine alikuwa na msiba, wa tatu gari lilimharibikia Muheza, na wote mmenipigia simu mkiuliza tulizungumza nini. Basi nimeyaandika karibu kama yalivyonitoka mdomoni. Picha nilizokuwa naonyesha ukutani nimeziacha. Hata pale ukumbini jua la dirishani lilizifuta, mkaishia kuniangalia mimi.

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Mafundi, maforomeni, mainjinia, na akina dada wenzangu niliowaona pale nyuma mkijificha nyuma ya nguzo, habari za asubuhi?

Kabla sijasema neno, naomba mikono. Nani humu ndani hajawahi kuambiwa na mteja, "Fundi, ongeza kidogo hapo"? Nani? Hakuna. Haya, sasa nani ameambiwa hivyo, akaongeza, akalipwa chote alichoongeza? Naona mkono mmoja. Wewe nakujua, wewe unauza kokoto, unalipwa kabla gari halijamwaga. Shusha mkono, bwana.

Ongeza kidogo hapo. Maneno matatu tu. Mimi leo ni mkadiriaji majenzi, mtu wa kupiga hesabu za ujenzi, lakini kabla ya hapo nilikuwa mkandarasi mdogo, daraja la mwisho kabisa, mwenye mashine moja ya kuchanganyia zege na pikapu ya kuazima. Maneno hayo matatu ndiyo yaliyonirudisha shule. Nitawaeleza.

Vitabu vinaita agizo la mabadiliko. Sisi saiti tunaita variesheni. Mkataba umesema ukuta upite hapa, mwenye kazi anataka upite pale. Mkataba umesema madirisha kumi, sasa anataka kumi na mawili. Hakuna ubaya wowote hapo. Mikataba karibu yote ya ujenzi inampa mwajiri haki ya kubadilisha kazi, kwa sababu hakuna aliyechora nyumba akaijua yote kabla ya kuiona imesimama. Sasa kama ni haki yake, na sisi tuna haki ya kulipwa, kwa nini tunafilisika?

Tunafilisika kwa haya. Naam, haya, hii ya kuona haya. Sisi watu wa Tanga tumelelewa kistaarabu. Mtu mzima akisema, unaitikia. Mteja anakukaribisha barazani, anakumiminia kahawa, anakusogezea kashata, halafu anakwambia, "Mwanangu, hebu tanua hapo." Utamtolea karatasi asaini? Ataona humwamini. Atakwenda kusema msikitini kwamba fulani siku hizi kawa wakili. Si kweli? Mnacheka kwa sababu ni kweli.

Nilikuwa na kazi ya ghorofa moja kule Chumbageni. Mwenye nyumba alikuwa mzee mwema, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kila siku saa kumi jioni alikuja kwa baiskeli, akaiegemeza kwenye rundo la tofali, akatoa mfukoni kashata zilizofungwa gazetini akawagawia vibarua. Jioni moja akaniambia, "Bi mdogo, baraza hii haiwezi kufika mpaka kwenye ule mwembe?" Nikasema inawezekana, baba. Wiki iliyofuata akataka tangi la maji ya mvua chini ya ardhi, kwa sababu maji ya bomba yalikuwa yanamsumbua. Inawezekana, baba. Kisha ngazi ya nyuma, wanawake wapate kupita bila kukatiza sebuleni. Inawezekana, baba, tutahesabiana mwishoni.

Tutahesabiana mwishoni! Wangapi mmelisema neno hilo mwezi huu?

Mwishoni mzee hakuwepo. Alifariki akiwa amebakiza kuchagua rangi ya milango. Nilikwenda matangani, nikakaa mkekani na wenzangu, nikalia, na nililia kweli, sikulilia pesa. Arobaini ikapita ndipo nikaenda kwa wanawe. Walinipokea vizuri, wakaniwekea kiti cha mto, wakaniletea maji ya ukwaju. Mkubwa wao akatoa faili. Mzee alikuwa amelitunza faili lile kuliko nilivyotunza langu. Kila risiti imetobolewa na kufungwa uzi. Akausoma mkataba mstari kwa mstari mpaka saini zetu mbili chini, akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, baraza ya mpaka kwenye mwembe imeandikwa wapi?"

Nikamwambia, si hii hapa tumeikalia?

Akasema, "Ninaiona. Ninauliza imeandikwa wapi."

Ndugu zangu, mpaka leo sijawahi kumchukia kijana yule. Ile ilikuwa mirathi. Alikuwa na dada zake watatu na mama mdogo, na asingeweza kuchukua fungu la warithi akampa mtu aliyekuja na maneno ya marehemu. Angejuaje kwamba baba yake hakunilipa taslimu, jioni moja, kati ya kashata na kashata? Mimi mwenyewe ningekuwa yeye ningekataa. Baraza, tangi na ngazi, nikaziacha pale. Mashine ya zege nikaiuza kwa mtu wa Korogwe. Bibi yangu, ambaye hakusoma zaidi ya juzuu, alinitazama siku ile mashine inapakiwa akasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nilijua hataongeza neno, na hakuongeza.

Sasa mtaniuliza, kwa hiyo tuwaletee wazee fomu? Hapana. Nimejifunza namna. Mteja akishasema analotaka, unatoa daftari lako palepale, unasema, "Baba, ngoja niyaandike nisije nikakosea maneno yako." Nani atakasirika maneno yake yakiandikwa? Mzee mwenyewe ataanza kuyanyoosha. Atasema, andika na vigae viwe vyekundu. Ukimaliza unamsomea, anaona ni jambo zito, na mara nyingine anasema mwenyewe, "Kumbe ni kazi kubwa, basi acha." Hapo umeokoa pesa yake na usingizi wako. Asipoacha, unamwambia bei na siku nitakuletea kesho asubuhi, na kesho asubuhi unaleta kweli. Anasaini nakala mbili.

Na yaliyomo ni machache mno. Tarehe. Nani kasema. Kafanye nini, wapi kwenye ramani. Bei. Siku. Saini. Hayo yanaenea nyuma ya risiti ya saruji.

Bei na siku, nitarudi hapo. Kwanza niwapeleke Amboni.

Mnayajua mapango ya Amboni. Tumepelekwa wote tukiwa shule, tukaambiwa hadithi, tukaogopa popo. Lakini lile jiwe la chokaa haliishii pale watalii wanapolipia kiingilio. Linaendelea chini ya mashamba, chini ya nyumba, chini ya misingi yenu. Miaka kadhaa baadaye, nimeshasoma, nilikuwa mkadiriaji wa mkandarasi mmoja aliyekuwa anajenga bohari upande ule. Tunachimba mashimo ya nguzo. Kibarua akapiga sururu, sururu ikazama mpaka mpini ukamponyoka. Tukasimama. Tukasikia kitu kinadondoka chini kwa chini, tik, tik, halafu kimya.

Injinia mshauri alikuwa Dar es Salaam. Foromeni wetu, kijana wa Makorora, mwepesi kama moto wa makuti, akampigia simu. Injinia akasema jazeni zege, endeleeni, kesho kutwa nakuja. Foromeni akageuka, akapaza sauti, "Washa mashine!"

Nikasema zima. Zima kwanza. Nipeni saa moja.

Alinikasirikia, na ninamwelewa. Vibarua wamesimama, jua linapanda. Lakini niambieni, zege likishaingia mle ndani, nani atajua limeingia kiasi gani? Kilichofunikwa hakipimiki. Tukachukua kamba, tukaipiga fundo kila nusu mita, tukafunga jiwe mwishoni, tukashusha sehemu saba tofauti za lile shimo. Tukapiga picha na bamba la vipimo likionekana, na kipande cha mfuko wa saruji kilichoandikwa kwa mkaa namba ya nguzo na tarehe. Kisha nikakaa juu ya ndoo, nikaandika: leo saa nne na dakika kumi asubuhi, kwa simu, umetuelekeza tujaze kwa zege shimo lililojitokeza chini ya nguzo C4; tunaanza sasa; tutahesabu mifuko; kazi hii haimo kwenye BOQ. BOQ ndiyo ile orodha ya kazi, vipimo na bei iliyo kwenye mkataba. Nikampelekea kwa barua pepe, nakala ikaenda ofisini kwake na dereva.

Kwa nini siku ileile? Mkataba wetu ulikuwa wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la mainjinia washauri linalotoa mikataba ya mfano, ule wanaouita Kitabu Chekundu, toleo la 1999. Mle ndani imeandikwa kwamba injinia akitoa agizo la mdomo, mkandarasi ana siku mbili za kazi kulithibitisha kwa maandishi. Injinia asipolikana kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi baada ya kulipata, basi ile barua yako wewe ndiyo inakuwa agizo lake. Mmelisikia hilo? Kimya chake kinakuwa saini. Matoleo yanatofautiana, na mikataba mingine, hata ile ya Baraza la Taifa la Ujenzi ambayo wengi mnaitumia kwenye majengo, ina utaratibu wake na siku zake. Soma wa kwako. Lakini dawa haibadiliki, yaliyosemwa kwa mdomo yalale kwenye karatasi kabla jua halijazama.

Tukamimina. Mita za ujazo 26, mifuko 143. Ile mifuko mitupu sikuitupa. Tuliifunga kumikumi kwa kamba ya katani tukaipanga nyuma ya stoo, na vibarua wakanipa jina, wakaniita Mama Mifuko. Mwezi ulipoisha, mkadiriaji wa mwenye kazi akaja. Mtu makini, na kazi yake ni kutilia shaka. Akasema, shimo moja lile zege lote? Nikamchukua mkono mpaka nyuma ya stoo. Akahesabu mafungu, kumi na manne. Akahesabu mitatu iliyobaki. Akaangalia picha, akaangalia kamba yenye mafundo, akacheka peke yake. Tukalipwa.

Hapa naomba niweke jambo moja sawa, maana linawachanganya hata mainjinia. Kuna mkataba wa kupima na kuna mkataba wa bei moja. Kwenye mkataba wa kupima, namba zilizo kwenye BOQ ni makadirio. Kama BOQ ilisema mita 100 za mtaro na mtaro uleule ukatoka mita 112, unalipwa ulizochimba, na wala si variesheni. Kwenye mkataba wa bei moja, umeshauza jumla, mita zikizidi kwa ramani ileile ni hasara yako. Nimewaona wenzetu wanadai variesheni pasipo na variesheni, na wengine wananyamaza palipo nayo kubwa. Kosa la kwanza linakuchafulia jina, la pili linakumaliza mtaji. Kabla hujasaini, uliza: mkataba huu ni wa kupima au wa bei moja?

Turudi kwenye bei. Bei ya kazi ya nyongeza haitoki kichwani, wala haitoki kwenye hasira. Kama kazi ni ileile na mazingira ni yaleyale, bei ni ile ya BOQ, hata kama ulijipunja ulipojaza zabuni. Wengi hamlipendi hilo, lakini ndivyo. Kama kazi inafanana lakini mazingira yamebadilika, tuseme ukuta uliokuwa wa chini sasa uko juu na tofali zinapandishwa kwa kamba, unaanzia kwenye bei ya BOQ na kuirekebisha kwa ile tofauti, na unaionyesha hiyo tofauti. Kama kazi ni mpya kabisa, kama lile tangi la mzee wangu, unajenga bei kutoka chini: vifaa, ufundi, mitambo, gharama za ofisi, faida ya haki. Ambatisha risiti. Na kama hata hilo haliwezekani, mnakubaliana kulipana kwa kazi za kutwa, mkiandika kila jioni walikuwapo mafundi wangapi, vibarua wangapi, mashine imenguruma saa ngapi, na msimamizi anasaini jioni hiyohiyo. Ukimpelekea karatasi thelathini mwisho wa mwezi, atakumbuka nini?

Sasa siku. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu pesa tunaiona lakini siku hatuzioni.

Ndugu yangu mmoja, nimemuomba ruhusa kulisema hili na amekaa humu ndani, alikuwa anajenga ukumbi. Mwezi wa pili, mwenye kazi akaomba ukuta wa jukwaa usogee. Ndugu yangu akaandika bei nzuri, akaleta karatasi, ikasainiwa. Mnaona? Aliandika! Lakini aliandika bei, hakuandika siku. Kuvunja na kujenga upya kukala wiki mbili na ushei. Wiki mbili si kitu, eti? Mwezi wa pili si kitu. Lakini paa lililokuwa limalizike kabla ya masika likasukumwa mpaka masika, na mnaijua masika ya hapa. Kenchi zimekaa juu, bati ziko chini, mafundi wamejikunyata chini ya turubai wanacheza bao. Kila siku mlinzi analipwa, mirunda ya kukodi inahesabiwa, maji yanaingia kwenye plasta mpya. Wiki mbili zikazaa wiki saba. Mwisho wa kazi mwenye ukumbi akakata fidia ya ucheleweshaji, kwa kila siku, kama mkataba ulivyosema. Ile fidia ikameza bei yote ya ukuta wa jukwaa na ikabaki na njaa.

Mstari mmoja tu ungemwokoa: kazi hii inahitaji siku 16 za nyongeza, na ikisukuma paa kwenye mvua tutawajulisha. Bei na siku. Ukimwambia mteja bei bila siku umempa nusu ya hesabu.

Na saa inakwenda. Kwenye FIDIC ile ya 1999, ukiona jambo linalokupa haki ya siku au pesa za nyongeza, una siku 28 kutoa taarifa tangu ulipojua au ulipopaswa kujua. Zikipita, haki imekufa. Muda hauongezwi na pesa hulipwi. Maelezo kamili yanafuata, siku 42, lakini ile taarifa ya kwanza inaweza kuwa mistari mitatu. Siku 28 ni nyingi? Toa Ijumaa, toa mazishi mawili, toa harusi moja ya binamu. Zimekwisha.

Naomba sasa niwaseme waheshimiwa, kwa heshima zote.

Shule moja, sitaitaja wala wilaya siitaji. Mkandarasi anajenga madarasa. Kiongozi akaja ziara, ngoma zikapigwa, akapanda jukwaani, akaona choo cha walimu kimechoka. Akasema, "Mkandarasi upo? Hawa walimu wajengewe choo hapa hapa, matundu manne, nikirudi nikikute!" Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mkandarasi akapiga makofi pia, maskini. Jumatatu akachimba shimo.

Choo kikajengwa. Hati ya malipo ikarudi, choo kimepigwa mstari mwekundu. Nani aliagiza? Kiongozi. Kiongozi yumo kwenye mkataba? Hayumo. Kwenye kazi za serikali, anayeweza kukuagiza ni yule aliyetajwa na mkataba kuusimamia, na nyongeza ya bei inatakiwa ipate vibali vya taasisi kabla ya wewe kuchimba. Pesa ile ina kifungu chake, na mkaguzi anakuja nyuma yake na miwani. Tangu zabuni ziingie NeST, ule mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 ianze kufanya kazi, njia za mkato zimezidi kuwa nyembamba. Kwa hiyo siku ya ziara piga makofi, ni adabu. Kisha andika barua kwa msimamizi wa mkataba: tumesikia maelekezo ya leo kuhusu choo, tunaomba agizo lenu la maandishi kabla hatujaanza. Na usianze. Nasema tena kwa sababu naona mtu ananong'ona kwamba ataonekana mkaidi. Usianze.

Jambo dogo la kupunguza kazi, nipite haraka. Mteja anaweza kuondoa kazi kwenye mkataba, lakini kuna mteja anayeondoa kupaka rangi kwenye mkataba wako ili ampe mpwa wake. FIDIC inasema unaweza kupunguza kazi, isipokuwa kama kazi hiyo itafanywa na mtu mwingine. Mpwa ni mtu mwingine.

Mainjinia na wachoraji, msidhani nimewasahau. Nyingi ya hizi variesheni zinazaliwa mezani kwenu. Mnajua lile jengo la Sydney kule Australia, lenye paa kama matanga ya jahazi? Walianza kujenga mwaka 1959 wakati paa lenyewe halijajulikana litasimamaje. Nguzo za chini zilizokwishajengwa zikaonekana haziwezi kubeba paa lililoamuliwa baadaye, zikabidi zijengwe upya. Makisio ya kwanza yalikuwa dola za Australia milioni 7. Lilipofunguliwa mwaka 1973 lilikuwa limekula milioni 102. Wao walipata jengo ambalo dunia nzima inalijua, na walikuwa na bahati nasibu ya kuchangia. Wewe unayeanza zahanati na ramani uliyoazima kwenye zahanati nyingine, ambayo kiwanja chake kilikuwa tambarare na chako ni mteremko, bahati nasibu yako iko wapi?

Na sisi makandarasi tusijifanye malaika. Wapo humu, na wengine nimekagua hesabu zao, wanaojaza zabuni kwa bei ya kutupa huku wameshaona kosa kwenye ramani, wananyamaza, wanasubiri kuvuna kwenye variesheni. Wanaita kuvua. Injinia hakuchora mtaro wa maji ya mvua, wewe umeona, umekaa kimya mpaka ukuta umesimama ndipo unashtuka, "Lo! Maji yatapita wapi?" Utavua mara moja, mara mbili. Mji huu ni mdogo. Jioni jina lako linaliwa na kahawa kuanzia Barabara ya Kwanza mpaka ya Ishirini. Na kazi kubwa zinakuja pwani hii. Bomba la mafuta kutoka Uganda, kilomita 1,443, linaishia hapa kwetu Chongoleani. Wanaofanya kazi kwenye miradi ya namna ile hawamwajiri mkandarasi mdogo kwa sababu ana sauti nzuri. Wanaomba waone daftari lako la saiti.

Daftari la saiti. Wangapi mnalo? Si la mishahara, hilo najua mnalo. La kila siku: mvua imenyesha saa ngapi, nani amekuja, amesema nini, gari gani limeleta nini. Sawa. Mikono sita. Nimeona.

Basi nimalize, harufu ya mahamri imeshafika huku na nawaona mnavyoangalia mlango. Pale kwenye meza kuna madaftari ya nakala, yale ya karatasi ya kaboni katikati. Nimenunua arobaini kwa pesa yangu, hayatoki kwa mfadhili yeyote. Kila mmoja achukue moja. Kalamu hatugawi, mkandarasi asiye na kalamu arudi nyumbani.

Chai itachelewa dakika ishirini, nimeongea na akina mama jikoni wamekubali. Katika dakika hizo ishirini kila mmoja akumbuke agizo moja la mdomo alilopewa wiki hii, moja tu, ambalo hajaliandika. Aliandike. Nani kasema, lini, kafanye nini, wapi, shilingi ngapi, siku ngapi. Karatasi ya juu inakwenda kwa mteja leo hii, kabla hujafika nyumbani. Ya chini inabaki kwako.

Haya, kaeni. Mzee, wewe pia. Najua unajenga msikiti na ni wa sadaka. Andika.

(Walikaa. Ukumbi ulinyamaza, ikasikika feni tu. Baada ya muda yule muuza kokoto akanyoosha mkono tena, akauliza kama anaweza kuandika la mwezi uliopita, ambalo mteja amekwisha kumwaga na kutandaza. Nikamwambia aandike, na tarehe aweke ya leo.)